Kurithisha utunzi wa picha kwa sindano na unga wa mkaa: njia ya wachoraji wa vitabu vya Uajemi

Tukio la Khusraw, mwanamfalme wa Uajemi, kumkuta binti mfalme Shirin akioga ni miongoni mwa picha zilizorudiwa sana katika vitabu vya Uajemi. Shirin amekaa majini, sehemu ya chini ya ukurasa, kajifunga kitambaa kiunoni. Shabdiz, farasi mweusi, amesimama kando yake. Juu, nyuma ya ukingo wa miamba, Khusraw ametokeza akiwa kwenye farasi wake, kidole mdomoni, ishara ya mshangao. Mpangilio huo tayari upo katika kitabu cha mkusanyo alichotengenezewa mwanamfalme Iskandar Sultan huko Shiraz mwaka 1410–1411, na upo vilevile katika Khamsa, yaani tenzi tano za mshairi Nizami, aliyotengenezewa mfalme Shah Tahmasp huko Tabriz kati ya 1539 na 1543. Vitabu vyote viwili sasa vimehifadhiwa British Library, London. Baina yao mji ni mwingine, ufalme ni mwingine, na zaidi ya karne moja imepita, lakini aliyekwisha kuiona picha ya kwanza hahitaji kusoma beti ili kuitambua ya pili.

Enzi hizo hakuna aliyeuita huo wizi. Utunzi mzuri ulikuwa mali ya karakana, na fundi alitarajiwa kuurithi, kuutunza na kuutumia. Ila kilichorithiwa kilikuwa mifupa tu, yaani mistari ya nje, mahali pa kila mtu, na upande anaotazama. Rangi, nyuso, nakshi za nguo, umbile la miamba na maua ya chini viliachiwa mkono wa mchoraji. Asiyeelewa mgawanyo huo huishia kwenye moja ya makosa mawili: ama ananakili kila kitu hadi picha inakosa uhai, ama anabadilisha mifupa yenyewe, na hapo msomaji haitambui tena hadithi.

Hatua zinazofuata ni za njia kuu ya kurithisha: kufuatisha picha kwenye kitu chembamba kinachopitisha mwanga, kutoboa mistari kwa sindano, kisha kupitisha unga wa mkaa kwenye vitundu. Njia nyingine zilikuwepo. Mwanafunzi alichora kwa kutazama kielelezo cha mwalimu mara nyingi hadi mkono ukashika, na fundi mzoefu alichora kutoka kichwani. Lakini sindano ndiyo iliyoweza kubeba utunzi kutoka mji hadi mji bila kitabu chenyewe kusafiri.

Soma beti kwanza, pima nafasi baadaye

Kitabkhana, karakana ya kifalme ya vitabu, ilifanya kazi kwa zamu. Mwandishi wa hati alitangulia. Aliandika mashairi, kwa kawaida katika safu nne, akaacha uwazi pale picha itakapokaa. Mchoraji alipokea ukurasa wenye maandishi tayari na shimo jeupe lenye vipimo ambavyo hakuvichagua yeye. Kwa hiyo kabla hujashika kielelezo chochote, soma beti zilizo juu na chini ya uwazi wako. Mara nyingi beti ya mwisho kabla ya picha ndiyo inayosema nani anafanya nini. Kama inasema shujaa ameshika upinde na kielelezo chako kinamwonyesha na upanga, ama utafute kielelezo kingine, ama ujue mapema kwamba mkono huo utauchora upya.

Kisha pima. Andika upana na urefu wa uwazi, upana wa kila safu ya maandishi, na umbali kutoka fremu hadi ukingo wa karatasi. Mistari inayotenga safu ina kazi ya pili ambayo wanaoanza huisahau: ukiirefusha kwa macho hadi ndani ya picha, inakupa mahali pa kusimamisha nguzo, kingo za mlango, shina la mti au mgongo wa kiti cha enzi. Vitu vya wima vikiangukia kwenye mistari hiyo, picha na maandishi husomeka kama ukurasa mmoja. Vikikosea kwa milimita 4 au 5, jicho linasumbuka bila kujua sababu.

Charba

Mafundi walitumia ngozi ya swala iliyokwanguliwa hadi ikapitisha mwanga, au karatasi nyembamba iliyotiwa mafuta. Waajemi huita kitu hicho charba. Ngozi ilipendwa kwa sababu inavumilia kutobolewa na kutumika mara nyingi bila kuchanika. Ubaya wake ni unyevu: siku ya mvua ngozi hutanuka, na kielelezo kilichotobolewa wakati wa kiangazi hakitalingana tena na fremu. Kwa kazi ya leo, karatasi ya kufuatishia ya gramu 90 kwa mita ya mraba inatosha. Ya gramu 60 huchanika pale vitundu vinapokaribiana, hasa usoni. Karatasi ya kuokea iliyopakwa silikoni achana nayo, haishiki penseli.

Weka charba juu ya kielelezo, ibane kwa utepe wa gundi kwenye pembe mbili za juu tu ili uweze kuinua na kukagua. Kabla ya kuchora mtu yeyote, weka alama za pembe nne za fremu, alama za safu za maandishi, na mstari mmoja wa usawa wa chini. Bila alama hizo hutajua baadaye kama charba imekaa wima au imeinama, na kuinama kwa digrii mbili kunatosha kumfanya kila mpanda farasi aonekane anateleza.

Chora mistari ya nje tu, kwa penseli ngumu ya 2H iliyochongwa vizuri. Acha vivuli, nakshi na mikunjo midogo ya nguo. Chukua mikunjo miwili au mitatu inayoonyesha jinsi mwili ulivyogeuka, basi. Hapa ndipo wengi hushindwa kujizuia. Charba iliyojaa mistari haisomeki ikitobolewa, kwa sababu nukta hazina unene wala wepesi. Mstari wa shavu na mstari wa ushungi hutoka sawasawa, na ukivitazama baada ya siku mbili hutajua kipi ni kipi.

Mistari inapopishana, kama hatamu inapopita juu ya shingo ya farasi, fuata mstari ulio mbele na uuache wa nyuma. Vitu virefu na vyembamba, yaani hatamu, mikuki, uzi wa upinde, weka alama mwanzo na mwisho wake tu. Utaviunganisha kwa mkono mmoja wa brashi, navyo vitakuwa na uhai kuliko vikifuatishwa nukta kwa nukta.

Kutoboa

Tumia sindano ya kushonea namba 10 au 12, unene wa takriban nusu milimita au chini yake, iliyopachikwa kwenye kijiti au kizibo ili vidole visichoke. Chini ya charba weka kitambaa kizito cha sufu kilichokunjwa mara mbili, au feliti. Ubao mtupu huvunja ncha ya sindano, na povu laini huiacha izame sana hadi tundu linakuwa kubwa.

Kati ya charba na sufu ongeza karatasi moja safi ya uzito uleule. Sindano ikipita, unapata vielelezo viwili kwa kazi moja: kimoja chenye mistari, ambacho hakitaguswa na mkaa kamwe, na kingine kitupu chenye vitundu tu, cha kufanyia kazi. Namna hiyo pia huokoa mchoro wa asili pale fundi anapotaka kuutoboa moja kwa moja bila kuupaka mkaa.

Nafasi kati ya vitundu hutegemea kinachochorwa. Miamba, kuta na mashina ya miti: milimita 2 hadi 3. Mwili na nguo: milimita 1.5. Mikono na vichwa: milimita 1. Pembe na ncha hutobolewa daima, hata kama zinavunja mpangilio wa nafasi, kwani ndizo zitakazokuonyesha mstari unapokata. Ukurasa wa kawaida wenye watu sita na bustani unaweza kuwa na mistari ya jumla ya mita 6. Kwa wastani wa milimita 1.5 hivyo ni vitundu 4,000. Gawa kazi. Mkono uliochoka hulaza sindano, na tundu lililolala hupeleka nukta pembeni.

Uso unahitaji uangalifu wa peke yake. Katika picha hizi kichwa chote kinaweza kuwa na urefu wa sentimita moja tu, na uso huwa umegeuka robo tatu. Ukitoboa kila mstari wa macho, nyusi, pua na mdomo, unga utatoka kama doa moja jeusi. Toboa mzunguko wa shavu kutoka sikioni hadi kidevuni, ukingo wa kilemba, kisha ndani ya uso weka nukta nne tu: moja kwenye kona ya nje ya kila jicho, moja kwenye ncha ya pua, moja katikati ya mdomo. Hizo zinatosha kukupa mwelekeo wa kichwa na usawa wa macho. Mengine ni ya brashi, tena mwisho kabisa wa kazi.

Ukimaliza, geuza karatasi na upitishe msasa laini wa namba 400 kwa wepesi upande wa nyuma. Sindano huacha ukingo uliotokeza kuzunguka kila tundu, na ukingo huo hujifunga tena ukikandamizwa. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya unga kutopita. Inua karatasi kwenye mwanga wa dirisha na utafute mistari iliyosahaulika. Ni rahisi zaidi kuiona hapo kuliko baada ya kuondoa charba kwenye ukurasa.

Karatasi ya kupokea

Karatasi ya Kiajemi haikuchorwa ikiwa mbichi. Ilipakwa wanga, ikakaushwa, kisha ikasuguliwa kwa jiwe la akiki juu ya ubao laini hadi ikang'aa. Chemsha gramu 10 za wanga wa ngano katika mililita 250 za maji, ukikoroga mpaka uwe unapitisha mwanga. Uache upoe, chuja, paka safu nyembamba pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja tu karatasi itajikunja. Ikikauka kabisa, sugua kwa jiwe kuelekea pande mbili zinazokatana.

Mng'ao una kipimo chake. Karatasi isiyosuguliwa ina nyuzi zinazonasa mkaa, na hautafutika tena. Iliyosuguliwa kupita kiasi inateleza, na nukta zinahama hata kwa pumzi. Jaribu kwenye pembe ya kipande kilichobaki: nukta ya mkaa inapaswa kukaa ukiinamisha karatasi, na iondoke ukiipangusa kwa unyoya.

Kupiga unga

Saga mkaa wa mti laini, mwerebi ukipatikana, kisha uchekeche kwa kitambaa cha melimeli. Chembe kubwa haziingii kwenye vitundu, bali huviziba. Weka kijiko kimoja cha chai cha unga katikati ya kipande cha melimeli cha sentimita 12 kwa 12 kilichokunjwa tabaka mbili, ukifunge kiwe kifuko kidogo cha kushika kwa vidole vitatu.

Linganisha alama za pembe na fremu. Bana kielelezo upande mmoja mzima, usitumie pembe mbili. Kisha gonga. Usisugue. Kugonga hushusha unga moja kwa moja. Kusugua huusukuma chini ya karatasi na kila nukta inapata mkia. Anza na kona ambayo haina watu, gonga mara tatu au nne, inua ukingo, tazama. Nukta zikiwa za kijivu zinazosomeka, endelea. Zikiwa nyeusi tititi, kifuko kina unga mwingi au tabaka la kitambaa ni jepesi. Mwisho inua karatasi wima kama unavyofunua kurasa, bila kuiburuta.

Kama unahamishia mchoro kwenye uso mweusi au wa buluu iliyokolea, weka chaki nyeupe iliyosagwa badala ya mkaa. Ngozi ya jalada na vigae hupokea nakshi kwa namna hiyohiyo, na ndiyo maana ua moja linaweza kuonekana kwenye jalada, kwenye kurasa na kwenye ukuta.

Unga ulioganda vipande husababishwa na unyevu. Kausha mkaa juani au kwenye sufuria kavu kwa dakika chache kisha uchekeche tena. Nukta mbili mbili sambamba ni dalili kwamba karatasi ilihama katikati ya kazi. Usijaribu kukisia zipi ni sahihi, pangusa zote uanze upya.

Kuunga nukta

Nukta za mkaa hazidumu, kwa hiyo ziunganishwe siku hiyohiyo. Tumia brashi nyembamba na rangi ya udongo mwekundu iliyochujuka, au wino mweusi uliotiwa maji mengi. Picha ambazo hazikumalizwa zinaonyesha michoro ya chini ya namna zote mbili. Wekundu una faida yake: hauchanganyiki na mkaa machoni, kwa hiyo unaona ulipokwisha kupita.

Usiruke kutoka nukta hadi nukta. Tazama nukta saba au nane mbele, elewa mkunjo wake, kisha upitishe mstari kwa mwendo mmoja wa mkono. Mstari uliotembea nukta kwa nukta hutetemeka, na hii ndiyo alama ya wazi kabisa ya mnakili asiyeelewa anachonakili. Wachoraji wa zamani walikubali mstari ukikosa nukta kidogo ili ubaki na nguvu. Nasi tunashauri hivyo bila kusita.

Wino ukishakauka, subiri nusu saa, kisha ondoa mkaa wote kwa unyoya na kipande cha mkate laini usio na mafuta. Mkaa uliobaki utajitokeza baadaye chini ya nyeupe, njano na rangi ya ngozi, ukizifanya za kijivu chafu.

Kubadilisha bila kuvunja

Hapa ndipo kazi halisi ilipo. Karibu kila utunzi uliorithiwa ulibadilishwa kidogo, kwa sababu uwazi wa kitabu kipya haukulingana na wa kitabu cha zamani.

Tatizo la kwanza ni ukubwa. Charba huhamisha kitu kwa kipimo kilekile. Kishawishi cha leo ni kukuza kwa mashine ya kunakili, na hilo ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi. Watu katika picha za Uajemi wamepimwa kwa brashi: jicho ni mstari mmoja, mkono ni mistari mitano. Ukikuza kwa asilimia 50, jicho linahitaji vitu ambavyo mtindo hauna, na uso unakuwa mtupu. Uwazi ukiwa mkubwa kuliko kielelezo, waache watu walivyo na upanue dunia yao: ongeza safu ya miamba, mti wa pili, kijito, watazamaji wawili nyuma ya mlima. Uwazi ukiwa mdogo, punguza watazamaji kwanza, kisha miti, kisha sehemu ya ukumbi. Wanaobeba hadithi wasiguswe. Katika picha ya Shirin hao ni Shirin, maji, Khusraw na ukingo wa mlima unaowatenga; hata farasi wa pili anaweza kutoka. Njia ya tatu ni kuvunja fremu, ukauacha mti au mkuki upenye hadi pambizoni, na wachoraji waliipenda sana.

Tatizo la pili ni upande. Kielelezo cha vitundu kinaweza kugeuzwa, na kugeuza ni njia rahisi ya kupata picha mpya kutoka ya zamani. Kumbuka tu kwamba ukigeuza karatasi, upande wenye kingo za vitundu ndio unaopokea kifuko, kwa hiyo msasa uwe umefanya kazi yake. Baada ya kupiga unga, kagua mikono. Wapiganaji wote wamekuwa wa mkono wa kushoto, upanga unaoning'inia umehama kiuno, na podo nayo imehama. Virekebishe wakati wa kuunga nukta, si baada ya rangi. Maandishi yaliyo juu ya lango au zulia yasipitishwe kabisa kwa charba iliyogeuzwa. Angalia na macho: ukimgeuza mtu mmoja bila wenzake, atakuwa anatazama nje ya tukio. Katika mtindo ambao nyuso hazionyeshi hisia kwa nguvu, mwelekeo wa kutazama ndio unaosimulia, na mtazamo mmoja uliopotea unaiua picha.

Tatizo la tatu ni kuunganisha watu kutoka vielelezo tofauti. Toboa utunzi mzima kwenye karatasi moja, lakini kila mtu mkuu umtoboe pia peke yake kwenye kipande kidogo. Vipande hivyo unaweza kuvipanga juu ya karatasi na kuvisogeza hadi vikae. Dalili ya muungano mbaya iko miguuni: mtu aliyetoka kwenye zulia akawekwa mlimani huonekana anaelea. Katika picha hizi hakuna vivuli vya kumshikilia mtu ardhini, kwa hiyo anashikiliwa na vitu. Mpe jiwe, kichaka au ukingo wa kijito unaofunika sehemu ya kiatu chake.

Rangi, kwa ufupi

Dhahabu hutangulia, kwa kuwa inasuguliwa kwa akiki, na msuguo huo ungeharibu rangi jirani. Halafu ardhi na anga, majengo, nguo, nakshi za nguo, mstari wa nje kwa mara ya pili, na mwisho nyuso. Rangi hushikwa kwa gundi ya mgunga. Zile za kale ni hatari: njano ya madini ina aseniki, zingefuri ina zebaki, nyeupe ya risasi ni sumu. Tumia mbadala wa kisasa. Kijani cha kutu ya shaba hula karatasi hadi ikatoboka, na ndiyo maana mapishi ya kale yaliiongezea zafarani ili kuituliza.

Charba haibebi rangi. Ndiyo sababu vitabu viwili vyenye utunzi mmoja huwa na makoti ya rangi tofauti kabisa, na ukiona mpangilio na rangi vyote vinafanana, mchoraji alikuwa na picha yenyewe mbele yake.

Vielelezo vilivyosafiri

Mnyororo wa walimu na wanafunzi waliorithishana kazi hii unafahamika kwa majina. Fundi wa hati Dust Muhammad, katika dibaji aliyoandika mwaka 1544 kwa albamu ya Bahram Mirza, ndugu wa Shah Tahmasp, aliufuata kutoka kwa Ahmad Musa wa enzi ya Abu Sa'id, mtawala wa mwisho mkubwa wa Wailkhani, nasaba ya Wamongolia waliotawala Uajemi, hadi kwa wanafunzi wa wanafunzi wake, akiwemo Abd al-Hayy, mchoraji ambaye mtawala Timur alimhamishia Samarkand. Dibaji hiyohiyo inasema mwanamfalme Baysunghur aliwaleta Herat mafundi wa Tabriz, Sayyid Ahmad, Khwaja Ali na mfunga majalada Qivam al-Din, akawaagiza watengeneze kitabu kwa mfano wa kile cha Sultan Ahmad Jalayir wa Baghdad: ukubwa uleule, mpangilio uleule wa maandishi, matukio yaleyale ya picha. Kunakili ndiko kulikoagizwa, na aliyeagiza alikuwa miongoni mwa wapenzi wakubwa wa vitabu wa zama zake.

Ripoti ya kazi iliyoandikwa na Ja'far, mkuu wa waandishi wa kitabkhana ya Baysunghur, imesalia katika albamu moja ya kasri la Topkapi, Istanbul. Inataja kazi ya kila fundi, na inaonyesha mchoro mmoja ukipita mikononi mwa watu kadhaa: mmoja amebuni nakshi za tandiko la farasi, mwingine amezinakili, wengine wanazipachika kwa lulumizi.

Albamu za Topkapi, pamoja na zile ambazo mwanadiplomasia wa Prussia, Heinrich Friedrich von Diez, alizipeleka Berlin baada ya kukaa Istanbul mwishoni mwa karne ya 18, ndizo ghala kubwa la michoro ya namna hii. Humo mna bata aliyechorwa na Muhammad ibn Mahmudshah al-Khayyam, na maandishi yanayosema wazi kwamba amenakili kazi ya Abd al-Hayy. Desturi hiyo ilifika India pia. Picha ya Behzad, mchoraji mashuhuri wa Uajemi, ya ngamia wawili wanaopigana ilinakiliwa na mchoraji Nanha mwaka 1608–1609, na mfalme Jahangir akaandika kwa mkono wake kwamba Nanha ameinakili kwa amri yake. Picha zote mbili zimo katika albamu moja huko Tehran, katika maktaba ya kasri la Golestan.

Kutokana na hayo, usikadirie umri wa hati kwa utunzi peke yake. Mpangilio wa mwaka 1410 unaweza kuwa umepigwa unga miaka 150 baadaye. Tazama vilemba, majani ya miti, umbo la uso na aina ya karatasi, kwani hivyo ndivyo fundi alivyofanya kwa mazoea ya siku zake bila kielelezo.

Kutia jina na kutunza vielelezo

Andika kwenye kazi yako kwamba umenakili, na umenakili kutoka wapi, kama alivyofanya al-Khayyam. Pembeni mwa charba, nje ya fremu, andika hadithi, beti, vipimo vya uwazi, kitabu ulikofuatisha, na upande wa juu wa karatasi. Charba isiyo na maelezo haya baada ya muda ni karatasi yenye vitundu tu.

Kung'uta mkaa kwenye kielelezo cha kazi kila unapomaliza, upande wa nyuma kwanza, kwa brashi kavu. Hifadhi kielelezo kikiwa kimelazwa, si kimekunjwa, kwa sababu mkunjo ukipita kwenye safu ya vitundu hupasuka hapo hapo. Weka karatasi safi kati ya kielelezo na kielelezo. Vitundu vikianza kuungana na kuwa mpasuko, kwa kawaida kwenye mabega na migongo ya farasi, usivizibe kwa utepe wa gundi. Toa ile charba yenye mistari ambayo haijawahi kuguswa na mkaa, iweke juu ya karatasi mpya, na utoboe tena kwa kupitisha sindano kwenye vitundu vilevile.